Msaidizi wa Mzee Shaba

Ulipomsalimia wakati anahesabu, hakukujibu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Bubu.

Si kwamba hakuwa na maneno. Akishafunga kazi, akakaa barazani na shangazi yake, walipiga soga mpaka chai inakaukia jikoni na hakuna anayekumbuka nani aliibandika. Lakini mchana, akiwa kwenye meza yake ndani ya karakana, waya mwembamba wa shaba ukipita kati ya vidole vyake na midomo ikicheza bila kutoa sauti, hata ungemwambia paa linaungua angekuinulia kidole kimoja tu: subiri.

Kazi yake ilikuwa kusuka mota. Kama hujawahi kuiona mota ikifunguliwa, fikiria bomba fupi la chuma lenye mifereji kwa ndani, na kila mfereji umeshindiliwa vitita vya waya wa shaba, vimefungwa kwa uzi mweupe, vimelala vizuri kama nywele za mtoto siku ya kupigwa picha. Mafundi wanaviita koili. Mota ikiungua, koili zinakuwa nyeusi na kunuka sukari iliyoungua. Fundi anazitoa zote, anasuka nyingine. Hapo ndipo penye kazi, maana kila koili ina idadi yake ya mizunguko, na idadi haikisiwi. Mota inayotaka themanini na mbili ukiipa sabini na tisa itazunguka, itakufurahisha dakika kumi, halafu itatoa moshi mbele ya mwenye mota.

Na ni nani huyo aliyekaa akagundua kwamba waya ukiuzungusha hivi, ukaupitishia umeme, chuma kilicho katikati kitaanza kukimbia bila kuguswa na mtu? Bubu alijiuliza swali hilo tangu ana miaka kumi na sita. Sasa alikuwa na thelathini na tisa, na bado kila mota ilipoanza kuvuma alirudi nyuma hatua moja, kama mtu aliyefungua mlango bila kubisha hodi.

Jirani yao alikuwa mchomeleaji wa mageti, mtu wa maneno mengi na miwani myeusi iliyokaa juu ya paji la uso kutwa nzima.

"Bubu, leo umefika ngapi?" alimuuliza kupitia dirisha. "Ukifika milioni unishtue, nije nishuhudie."

Bubu alimaliza mzunguko wa mwisho, akakata waya, ndipo akageuza shingo. "Nilikuwa nahesabu mageti yako yaliyonyooka. Sijapata hata moja."

"Rudia ububu wako, mama. Ulikuwa na faida."

Juu ya mlango wa karakana palikuwa na kibao cha bati: MZEE SHABA, FUNDI WA MOTA. Mzee Shaba ndiye baba yake. Alikaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki chenye mguu mmoja uliofungwa waya, kofia kichwani, gazeti magotini. Mteja akifika na mota yake kwenye toroli, anauliza, "Mzee yupo?" Na mzee yupo, ndiye huyo anayemuuliza. Mzee Shaba anainama, anazungusha ekseli kwa vidole viwili, anatega sikio kama daktari, anasema, "Hii imechoka. Njoo Jumatano." Jumatano mteja anaikuta mota inavuma, anaushika mkono wa mzee kwa mikono yake miwili na kumshukuru mpaka basi. Hatua tatu nyuma yao Bubu amepinda mgongo juu ya meza, vanishi ya kupakia koili imemganda mpaka viwikoni.

"Macho yangu yameisha," mzee alikuwa akiwaeleza wateja. "Waya siuoni tena. Huyu binti ananisaidia saidia."

Macho hayo hayo yalikuwa yakisoma matokeo ya mpira, yale yanayochapwa kwa herufi za sisimizi chini ya ukurasa, bila miwani.

"Kaka," shangazi alimwambia siku moja, "macho yako yanachagua."

"Maandishi ya mpira ni meusi, yanaonekana," mzee akajibu, akafungua ukurasa mwingine.

Nyumbani kwao watu watatu walijua kwamba macho hayana kosa. Hawakulizungumza.

Ukweli wenyewe ulikuwa hivi. Mwaka mmoja kabla Bubu hajaingia karakana, baba yake aliletewa mota ya mashine ya kusaga nafaka. Fundi yeyote wa mota anajua: kabla hujakata koili zilizoungua, unaitoa moja nzima, unaihesabu. Hakuna kwingine ilikoandikwa idadi ile. Ukikata kabla ya kuhesabu umechoma kitabu, na nakala hakuna. Siku hiyo mzee alikuwa na mteja mwingine mlangoni, anamsimulia jinsi yeye hajawahi kurudishiwa mota tangu aanze kazi. Huku mdomo unasimulia, mkono ukachukua patasi na nyundo, ukakata koili zote, tap tap tap, kama anakata vitunguu. Alipoinama kuokota vipande ndipo akili ilipomrudia.

Angesema. Mwenye mashine angekasirika, angekwenda kwa fundi mwingine, mambo yangeishia hapo. Lakini mtu aliyetoka kusimulia anavyojua kazi anaanzaje kusema? Mzee alikisia. Mota ikafungwa, ikawashwa, watu wa foleni na ndoo zao za nafaka wakashangilia, kisha moshi ukatoka. Akakisia tena. Moshi ukatoka tena, na safari hii foleni ilicheka. Mara ya tatu alipokaa mezani na waya, mikono ilianza kutetemeka, na haikuacha. Ilishika kijiko vizuri, ilishika kalamu vizuri, lakini waya wa shaba ikiugusa, ilicheza kama ya mtu mwenye homa.

Wakati huo Bubu alikuwa shule, na alikuwa na tatizo lake. Mwalimu wao wa darasa aliwasimamisha mmoja mmoja kila mtu aseme atakuwa nani maishani, akawa anaandika ubaoni. Wenzake walikuwa na majibu kama waliozaliwa nayo: daktari, rubani, wakili, mwenye duka kubwa. Bubu alisimama, akafungua mdomo, hapakutoka kitu. Mwalimu akangoja kidogo, halafu mbele ya jina lake akachora kistari. Kistari kile kilikaa ubaoni wiki nzima. Wengine wangekisahau. Yeye alianza kukiona hata kwenye kioo: watu wote wametumwa duniani na ujumbe, wake umepotea njiani.

Likizo ilipofika baba yake alimwita karakana amsaidie kuhesabu. Wiki ya kwanza alihesabu. Wiki ya pili alijaribu kusuka. Wiki ya tatu akasuka mota ya feni ya saluni, ikafungwa, ikavuma bila kukwaruza. Baba yake akaishika mikono yake, akaigeuza viganja juu, akasema, "Mwanangu, mikono hii imeumbwa kwa kazi hii. Hilo si jambo la mtu kujipa."

Shule ilipofunguliwa Bubu hakurudi. Hakuna aliyemkataza kurudi, na hakuna aliyemwambia arudi. Kistari kilikuwa kimepata jina, yeye alitaka nini tena?

Basi miaka ishirini na mitatu ikapita juu ya neno lile. Alikuja mchumba mmoja, mtu mzuri mwenye kazi ya ofisini, akasema atamwoa ila mke wake hawezi kunuka vanishi. Bubu akamwambia, "Basi tafuta asiyenuka." Shangazi alimnunia miezi miwili. Pampu ya maji ya hospitali kubwa iliungua, mafundi wawili wakashindwa kuifufua, yeye akakaa nayo siku nne, akaisuka, na mpaka leo haijaungua tena. Ile pampu alikuwa akipita kuisikiliza. Anasimama nje ya ukuta wa hospitali kama mgonjwa aliyeogopa kuingia, anasikia mvumo, anaondoka zake. Jina kwenye daftari la hospitali lilikuwa la Mzee Shaba. Hilo halikumsumbua, au alijiambia halimsumbui.

Siku tangazo lilipobandikwa alikuwa amekwenda kununua waya. Lilikuwa kwenye mlango wa duka la vifaa: chuo cha ufundi kinaanzisha darasa la kusuka mota na kinatafuta mwalimu. Mafundi wa mtaani wasio na cheti wanakaribishwa, mradi walete barua ya fundi waliyefanya kazi chini yake, ikieleza kazi walizofanya kwa mikono yao wenyewe, kisha wafanye jaribio mbele ya mkuu wa karakana ya chuo. Usaili ni Ijumaa.

Bubu alilisoma mara tatu. Alijiona amesimama mbele ya ubao, chaki mkononi, anawaambia vijana thelathini: kabla hujakata, hesabu. Kwa mara ya kwanza tangu utoto, mtu angemuuliza yeye ni nani na angekuwa na jibu lenye cheo mbele yake. Akamwomba mwenye duka karatasi, akanakili tangazo lote, mpaka nukta.

"Baba, nina ombi," alisema alipofika.

Mzee akaipokea karatasi. Akaisoma pale pale, bila miwani.

"Wanataka barua," Bubu akaendelea. "Yako. Useme nimesuka mota zipi."

"Zipi?"

"Zote, Baba."

"Zote tangu lini?"

"Unajua tangu lini."

Mzee aliikunja karatasi, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo kama kiberiti. "Na watu wakisoma kwamba zote ni zako, mimi hapa mlangoni nilikuwa nafanya nini?"

"Ulikuwa baba yangu."

"Hiyo si kazi."

"Mimi naondoka kwa heri, sikuibii kitu. Jioni nitapita kukusukia, na Jumamosi. Nataka barua tu. Wewe mwenyewe ulisema mikono yangu imeumbwa kwa kazi hii."

Upande wa pili mchomeleaji alikuwa anagonga chuma. Nyundo ilipotulia, mzee aliongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayetua mzigo na hajali unaangukia wapi.

"Nilisema. Ningesema nini? Ningemleta mtu wa nje, wiki ya kwanza angeniona ninavyotetemeka, ya pili mtaa wote ungejua. Nilitaka mtu wa nyumbani, mtu asiyesema. Wewe ulikuwepo. Mtoto ukimwambia ameumbwa kwa jambo fulani, anakaa."

"Kwa hiyo haikuwa kweli."

"Sijui kama ilikuwa kweli."

"Uliishika mikono yangu, Baba. Uliigeuza."

"Niliigeuza," mzee akasema. "Sikuiangalia."

Bubu alirudi mezani. Alichukua waya, akahesabu mpaka kumi na moja, akasahau, akaanza upya, akasahau. Hilo halikuwa limewahi kumtokea. Sasa ilikuwaje hapo? Kama neno lile lilikuwa kamba ya kumfungia, basi ile pampu inayovuma hospitalini ni kitu gani? Nayo imedanganywa? Au inawezekana mtu akakuonyesha njia ya uongo, ukaifuata, ukafika? Alitamani amuulize mtu, na mtu pekee anayejua mota kiasi cha kuelewa swali lake ni yule aliyekaa mlangoni.

Nyumbani shangazi alimkuta anasugua sufuria iliyokwisha kung'aa.

"Mwache mpaka Alhamisi," shangazi akamwambia. "Namjua kaka yangu. Anakataa kwanza, halafu ndiyo anafikiri."

"Na akishafikiri akakataa?"

"Basi atakuwa amekataa mara mbili. Lakini sufuria yangu iache, utaitoboa."

Na kweli, Alhamisi mchana mzee aliomba koti lake lipigwe pasi. Akaomba karatasi isiyo na mistari, akaandika polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo, mkono umetulia kabisa. Akafunga bahasha.

"Kesho uvae vizuri," akamwambia bintiye. "Tunakwenda wote."

"Umeandika, Baba?"

"Nimeandika."

Bubu aliosha mikono kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni, kisha kwa ndimu. Vanishi ya kwenye kucha haikutoka, na moyoni akasema isitoke, nayo ni cheti.

Chumba cha usaili kilikuwa karakana yenyewe ya chuo: madirisha makubwa, meza ndefu mpya ambazo hazijapata hata kovu moja, ubao mweusi uliofutwa vizuri. Mkuu wa karakana alikuwa mwalimu mpole mwenye shati jeupe na kalamu nne mfukoni. Pembeni yake alikaa karani, mama mmoja mwenye daftari kubwa. Nje kwenye benchi walikuwa wanangoja wengine, vijana tu, mmoja amevaa tai.

Mzee Shaba aliitoa bahasha mfukoni na kuikabidhi kwa mikono miwili. Mwalimu akaifungua, akaisoma kwa sauti ili karani aandike.

"Mimi, nijulikanaye kama Mzee Shaba, nimesuka mota kwa miaka arobaini na moja, ikiwemo pampu ya hospitali kubwa, ambayo haijarudi kwa fundi tangu niisuke. Naomba nafasi ya ualimu. Kwa sababu ya macho nitafika na binti yangu, msaidizi wangu wa siku nyingi, ambaye hunishikia waya na kunipa mkasi. Nitasema, yeye atafanya."

Bubu alimtazama baba yake. Baba yake alikuwa anautazama ubao.

"Mzee, ni wewe?" Mwalimu alisimama, akazunguka meza, akaja kumpa mkono. "Pampu ile nimeiona kwa macho yangu. Waliponifungulia kifuniko nilikaa nikaitazama tu. Koili zimelala kama zimepigwa pasi. Nina picha yake, wanafunzi nawaonyesha. Nilikuwa nasema, aliyefanya hivi anaipenda kazi, hakufanya kwa ajili ya kumaliza."

Hayo ndiyo maneno ambayo Bubu alikuwa akiyangoja bila kujua kwamba anayangoja. Sasa yalikuwa yamesemwa, na yalikuwa yamepita mbele ya pua yake kwenda kwa mwingine.

"Basi tusichelewe," Mwalimu akasema, akarudi kitini. "Msaidizi akae mezani, wewe mzee utuelekeze. Koili moja inatosha."

Mezani palikuwa na mota ndogo iliyosafishwa, kibiringo cha waya mpya, karatasi ya kutandika kwenye mifereji, uzi na mkasi. Waya ulikuwa mzuri, haujawahi kukunjwa. Vidole vya Bubu vilianza kuwasha. Akajiuliza, na alijiuliza kwa haki: nikisuka, vijana si watajifunza? Watatazama mikono yangu, sio mdomo wake. Kazi itakwenda mbele. Kama nilitumwa duniani kwa ajili ya kazi hii, kuna ubaya gani ikaitwa ya mwingine? Kisha akaiona miaka inayokuja, mzee kwenye kiti, yeye mezani, na kibao kile cha bati kimehamia kwenye mlango wa darasa.

"Anza, mama," baba yake akamwambia. Alilitamka neno hilo kwa upole, kama anavyolitamka akiomba maji ya kunywa. Na macho yale yanayoona herufi za sisimizi yalikuwa yanamwomba.

Bubu aliiweka mikono yake magotini.

"Mimi sijui kusuka," akasema.

Mwalimu akainua kichwa.

"Nampa mkasi tu. Kama barua inavyosema."

Karani akaandika. Ukasikika mlio wa kalamu.

Kwa sababu watu walikuwa wanangoja, Mzee Shaba akauvuta mwenyewe waya. Mkono ukaanza kucheza. "Moja," akasema. "Mbili." Waya ukamchomoka, ukajifyatua, kibiringo kikaanguka na kubingirika chini ya meza, kinaacha mstari wa shaba nyuma yake kwenye sakafu safi. Mwalimu aligeuza uso dirishani.

"Ni macho, mzee," akasema taratibu. "Tunaelewa. Umri nao unataka haki yake."

Mzee akachukua kofia yake, akasema samahani, akatoka.

Bubu hakutoka. Alipiga magoti, akaukusanya waya, akaurudisha mezani bila kuukunja hata mahali pamoja.

"Mwalimu, nimesema uongo. Kusuka najua. Pampu ile niliisuka mimi."

Mwalimu hakuwa mtu mbaya, hilo ndilo lililouma.

"Dada yangu," akasema, "dakika tano hazijapita tangu useme hujui, na imeandikwa hapa. Baba yako ametoka mlango ule na aibu ambayo hata mimi imenichoma. Sasa unataka umchukulie na pampu yake?"

"Nipe koili moja nikuonyeshe."

"Una barua?"

Bubu akaitazama bahasha ya baba yake juu ya meza.

"Kuna watu wanangoja," Mwalimu akasema, na karani akaita mwingine. Aliingia yule kijana wa tai. Alikaa kwenye kiti ambacho bado kilikuwa na joto la Bubu, akatandika karatasi, akaanza kuzungusha waya huku anahesabu kwa sauti ya darasani. Bubu alikuwa amefika mlangoni aliposikia hesabu ikiruka kutoka thelathini na tisa kwenda arobaini na moja. Mwalimu hakusikia, alikuwa anatafuta kitu kwenye mafaili. Kijana yule ndiye aliyepata kazi.

Baba yake alikuwa amesimama getini, koti mkononi. Walitembea barabara nzima, yeye upande huu, mzee upande ule, kama watu waliokutana njiani wanaoelekea mahali pamoja na hawajuani.

"Umenivua nguo mbele za watu," mzee akasema hatimaye.

"Nimesema kilichokuwemo kwenye barua yako, Baba."

Wakapita duka la vifaa. Tangazo lilikuwa bado liko mlangoni, pembe moja imebanduka.

"Ungesuka," mzee akasema, "tungeipata."

"Tungeipata nani?"

Mzee akahamishia koti mkono wa pili, akaendelea kutembea.

Jumatatu karakana ilifunguliwa. Shangazi alidhani Bubu hatakwenda, na Bubu mwenyewe alidhani hivyo mpaka alipojikuta anatafuta funguo. Kulikuwa na mota ya mwenye mashine ya kusaga mwingine, si yule wa zamani, imeahidiwa Jumatano. Aliketi, akashika waya, akaanza. Alikuwa ameikana kazi hii kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wawili ambao wangeweza kumwamini, na karani amelitia kwenye daftari. Waya haukujua. Ulimpitia vidoleni vile vile, mwepesi, ukifuata anakoupeleka. Alitamani auchukie akashindwa, na alipoona ameshindwa ndipo machozi yalipomtoka, moja kwa moja juu ya koili, na akalazimika kuikausha kwa pindo la nguo kabla ya kutia vanishi. Ilikuwa koili nzuri. Hakuna aliyemwambia, alijua tu.

Jumatano mwenye mashine akaja, bonge la mtu mwenye kicheko cha kujaza chumba. Mota ikaunganishwa, ikavuma. Bubu akarudi nyuma hatua yake moja. Mwenye mashine akampigia mzee saluti, akanyoosha mkono.

"Mzee Shaba, wewe ni moto. Watu wanasema umezeeka, nitawaambia waje hapa wasikilize."

Mzee hakuupokea mkono. Aliishika mikono ya kiti, akajiinua akasimama.

"Usinishukuru mimi," akasema. "Aliyesuka ni huyu."

"Huyu nani?"

"Binti yangu. Hii, na ile ya mwaka jana. Na za nyuma zote. Mimi sijasuka mota miaka ishirini na minne."

Bubu aliacha kufuta meza. Kitambaa kilibaki mkononi.

Mwenye mashine alimtazama Bubu, mikono yake, nywele zake zilizofungwa kwa kipande cha uzi wa mota. Akakitazama kibao juu ya mlango. Akamtazama mzee tena. Halafu kicheko kikampasuka, akajipiga paja.

"Mzee, kwa utani hakuna anayekuweza. Yaani nimshukuru Bubu, halafu wewe nikupe nini, pole ya kukaa?"

Mchomeleaji naye alichungulia dirishani akacheka, bila kujua anachekea nini.

Mzee Shaba alimgeukia bintiye. Bubu alikuwa anamtazama usoni, hajapepesa. Ilitakiwa mara moja zaidi tu. Alirudie lile neno, taratibu, bila kutabasamu, na mtu yule angenyamaza na kusikiliza.

Mwenye mashine bado alikuwa amenyoosha mkono. Mdomo wa mzee ukacheza upande mmoja, kisha wa pili. Akacheka na yeye. Akaupokea mkono.